Mpira wa Rumonge na Cheti cha Darasa la Tisa

Anayetoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya taifa namba 3 ana ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto kwa kilomita zipatazo 75, mpaka anaingia Rumonge. Njiani, kuanzia Kabezi hadi Magara, Minago na Kizuka, jioni hakosi kuona vijana wanakimbiza mpira: kwenye mchanga wa ufukweni, kwenye kiwanja cha shule, kwenye uwazi ulioachwa kati ya michikichi. Ukanda huu unatoa samaki, mawese na wachezaji. Samaki na mawese vina soko, mizani na bei inayojulikana. Wachezaji wameachiwa bahati.

Kila msimu wa usajili, katika nyumba nyingi za mwambao huu, mjadala ni ule ule: mtoto amalize shule au afuate mpira? Mama anataka cheti, mjomba aliyewahi kucheza anataka fomu isainiwe, na kijana mwenyewe ameshaamua. Namna swali linavyoulizwa inawapotosha wote watatu, kwa sababu linachukulia kwamba shule ni ya yule atakayeshindwa mpira. Ukiangalia yaliyowapata wachezaji na wakimbiaji wa Burundi waliofika mbali, unaona kinyume chake. Aliyefaulu ndiye aliyeihitaji elimu mapema zaidi: ndiye aliyewekewa mkataba mezani, ndiye aliyevuka mpaka, ndiye aliyeumia mbali na kwao, na ndiye aliyelazimika kutafuta kazi ya pili kabla ya kufika miaka 40.

Hesabu ya kwanza ni ya umri. Tangu mageuzi yaliyoanza mwaka wa shule 2013/2014, elimu ya msingi ya Burundi ni ya miaka tisa, ile ambayo watu wanaiita ekofo, na mwishoni mwa darasa la tisa kuna mtihani wa taifa unaoamua nani anaendelea na sekondari ya juu, nani anaelekea ufundi na nani anabaki nyumbani. Kwenye karatasi, mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka sita au saba anafika kwenye mtihani huo akiwa na 15 au 16. Mwambaoni mara nyingi haiwi hivyo. Kuna walioanza wakiwa na miaka minane. Kuna waliorudia darasa mara mbili, kwani kurudia madarasa ni jambo la kawaida katika shule za Burundi. Kuna waliozaliwa katika kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma na kurudi na wazazi wao wakitoka kwenye mtaala mwingine. Kijana wa miaka 17 aliyeko darasa la nane si kitu cha kushangaza Rumonge.

Na miaka 17 ndiyo hasa ambayo klabu inamtaka. Kwa hiyo mpira unamkuta kijana katikati ya masomo, mwaka mmoja au miwili kabla ya cheti chake cha kwanza chenye thamani. Akiondoka hapo, anaondoka na miaka minane ya shule ambayo hakuna mwajiri wala chuo kitakachoihesabu. Hapa ndipo hasara kubwa inapotokea, na ni hasara ambayo ingeepukika kwa subira ya miezi michache tu.

Ajabu ni kwamba sheria za mpira zenyewe zinatoa muda huo. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa wanaoishi jirani na mpaka kuna nafuu ya kilomita 50 kila upande, mradi mtoto aendelee kulala kwao. Nafuu hiyo inaweza kumgusa kijana wa Nyanza-Lac upande wa Tanzania, au wa Rumonge anayetazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa. Zaidi ya hapo, hakuna klabu ya Dar es Salaam, Kigali wala Lubumbashi inayoweza kumsajili kihalali kabla ya kutimiza miaka 18. Kanuni hizo hizo zinasema mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu. Mtu anayekuja Rumonge akimwahidi mzazi kwamba mtoto wa miaka 15 atacheza nje mwezi ujao, ama hajui sheria ama anamdanganya.

Lakini shule na mpira si ratiba mbili pekee. Mwambaoni kuna ya tatu, ya ziwa. Mashua za kuvua ndagala hutoka jua likizama, zikiwa na taa za kuwavuta samaki juu, na kurudi alfajiri. Mzigo ukishafika mwaloni, ndagala hutenganishwa na mukeke, kisha huanikwa kabla jua halijawa kali. Kijana aliyekuwa ziwani usiku kucha anaingia darasani bila usingizi, anatoka mchana, na saa kumi jioni anatakiwa mazoezini. Siku za mbalamwezi uvuvi wa taa hulegea, kwa kuwa mwanga wa taa haushindani na wa mwezi, na siku hizo vijana wanapata usingizi. Kocha na mwalimu wanaoishi Rumonge wanaijua kalenda hii bila kufundishwa na mtu. Wakikaa pamoja na kupanga mazoezi magumu, majaribio na mitihani kwa kuifuata, watakuwa wamefanya jambo ambalo hakuna akademia ya Ulaya ingelifikiria, na halihitaji hata faranga moja.

Kizazi kilichotangulia kimeshaonyesha njia inapoelekea. Mwaka 2013 Vital'O ya Bujumbura ilitwaa Kombe la Kagame, na mshambuliaji wake Amissi Tambwe akachukuliwa na Simba. Msimu wa 2013/2014 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 19. Baadaye akahamia Yanga na kurudia msimu wa 2015/2016 kwa mabao 21. Didier Kavumbagu alipita Yanga na Azam. Saidi Ntibazonkiza, aliyecheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, alimalizia Tanzania na msimu wa 2022/2023 akalingana na Fiston Mayele kileleni kwa mabao 17. Kwa ukanda wa kusini mfano wa karibu zaidi ni Youssouf Ndayishimiye: alitoka Aigle Noir ya Makamba, mabingwa wa Burundi wa mwaka 2019, akaenda Uturuki mwaka 2020 na kufika Nice ya Ufaransa Januari 2023. Rumonge City nayo imekuwa kwenye Ligi ya Primus, ligi kuu ya Burundi, kwa hiyo kijana wa mjini humo halazimiki tena kwenda Bujumbura ili aonekane.

Katika safari ya kwenda Dar es Salaam, kijana wa Rumonge ana mtaji ambao wenzake wa milimani hawana: Kiswahili amekilia mwaloni na sokoni. Ana Kirundi cha nyumbani. Kifaransa anakipata shuleni, na Kiingereza pia, ambacho kiliingia kwenye shule za msingi Burundi ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoipokea rasmi Julai 2007. Akiacha shule mapema anabaki na lugha mbili za kuongea na wachezaji wenzake, na kukosa lugha mbili ambazo mkataba wake huandikwa kwa mojawapo.

Ubaya wa pengo hilo unaonekana mishahara inapochelewa. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kiliwahoji wachezaji wa kulipwa wapatao 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema wamecheleweshewa malipo katika misimu miwili iliyotangulia. Asilimia 45 hivi walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Mkataba wa wastani ulikuwa wa miezi 22. Kwa mchezaji wa kawaida, basi, mpira ni kazi ya vipindi vifupi, yenye malipo yasiyotabirika, na yenye kuhama mara kwa mara.

Dawa ipo, lakini imeandikwa. Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA kinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba klabu ikishindwa kumlipa mishahara ya miezi miwili, mradi kwanza aiandikie klabu barua ya kuidai na kuipa angalau siku 15. Asipoandika barua hiyo, akafunga tu mizigo na kupanda basi, yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mtoro. Akitaka kulalamika FIFA ana miaka miwili tu tangu tukio, na malalamiko lazima yaandikwe kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kijana aliyeishia darasa la saba analazimika kumwomba mtu mwingine amwandikie, na mara nyingi mtu huyo ni yule yule aliyempeleka klabuni na kula asilimia yake. Barua ya nusu ukurasa, yenye tarehe, kiasi kinachodaiwa na sahihi: hilo ni zoezi la darasa la tisa. Lingeweza kufundishwa Rumonge kwa juma moja.

Hata mchezaji mkubwa anaweza kukwama kwenye maandishi. Desemba 2022 Feisal Salum wa Zanzibar, kiungo wa Yanga, aliirudishia klabu yake shilingi milioni 112 akiamini kwamba kwa kufanya hivyo amevunja mkataba. Kamati ya Shirikisho la Mpira la Tanzania iliamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje karibu nusu msimu, mpaka Juni 2023 pande zote zilipokubaliana na akaenda Azam. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, nchi nzima ikimfuatilia. Fikiria kijana wa miaka 19 kutoka Minago, katika klabu ya daraja la pili, ambaye hana gazeti linalomwandika.

Kisha kuna mwili. Papy Faty, kiungo wa Intamba mu Rugamba, timu ya taifa ya Burundi, alianguka uwanjani na kufariki tarehe 25 Aprili 2019 akiichezea Malanti Chiefs ya Eswatini. Alikuwa na miaka 28. Miaka michache nyuma, alipokuwa na Bidvest Wits ya Afrika Kusini, aligundulika kuwa na tatizo la moyo na kushauriwa aache kucheza. Kifo chake kilitokea mwezi mmoja tu tangu Burundi itoke sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura na kufuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika. Hakuna mwenye haki ya kumsemea marehemu kwa nini aliendelea. Lakini msiba wake unawadai waliobaki jibu la swali moja: daktari akimwambia mchezaji wa Burundi aache mpira leo, kesho asubuhi anakwenda kufanya kazi gani? Mwenye jibu anaweza kumsikiliza daktari. Asiye nalo ana kila sababu ya kutafuta daktari mwingine.

Wakati mwingine kinachokatiza kazi ni kanuni. Francine Niyonsaba alipata medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2019 kanuni za riadha kuhusu viwango vya homoni zikamfungia mbio kuanzia mita 400 hadi maili moja. Akahamia mbio ndefu na Septemba 2021 mjini Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 kanuni zikakazwa tena na kugusa mbio zote. Mwanamke huyu alifanya kila lililowezekana kwa miguu yake. Yaliyobaki yaliamuliwa ofisini.

Wakimbiaji wana somo ambalo wacheza mpira wa mwambao hawajalichukua. Vénuste Niyongabo alizaliwa Vugizo, huko Makamba, kwenye milima iliyo juu ya Nyanza-Lac. Mwaka 1996 mjini Atlanta alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwa dakika 13:07.96, medali ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki yake ya kwanza. Alikuwa anajulikana kwa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, mkongwe aliyekosa michezo ya 1988 na 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Watu wanaikumbuka hadithi hii kwa ukarimu wa Niyongabo, na wana haki. Ila Kwizera mwenyewe anafaa kutazamwa kwa jambo lingine: miaka aliyonyimwa Olimpiki hakuipoteza yote, kwani alikuwa amepita Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, akikimbia na kusoma. Nchi ilipopata nafasi yake, alikuwa na uzoefu na elimu ya kuwasaidia wadogo zake.

Gilbert Tuhabonye ni mfano ulio karibu zaidi na Rumonge kuliko wengi wanavyojua. Alizaliwa Songa, mkoa wa Bururi, mkoa ambao Rumonge ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2015. Oktoba 1993, akiwa mwanafunzi wa sekondari Kibimba, alinusurika mauaji ya wanafunzi yaliyotokea hapo, akiwa ameungua vibaya. Alifika Marekani mwaka 1996, akasoma Chuo Kikuu cha Abilene Christian huko Texas huku akikimbia, na baadaye akawa kocha mjini Austin, akaanzisha kundi la wakimbiaji na taasisi inayopeleka maji safi Burundi. Medali ya Olimpiki hana. Ana kazi, ana jina, na vijijini kwao maji yanatoka bombani kwa sababu yake.

Kenya imeifanya njia hii kuwa ya kawaida. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alisoma vyuo vya Marekani hadi shahada ya uzamivu na kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika vyuo hivyo mwanafunzi asiyefaulu masomo haruhusiwi kushindana. Mpango huo una kasoro zake, lakini umemlazimisha mwanamichezo kushika daftari kwa miaka minne. Na mlango wake haufunguki bila cheti cha sekondari. Mkimbiaji mzuri wa Rumonge aliyeishia darasa la nane hawezi hata kujaza fomu ya maombi.

Kwa wasichana hoja ina uzito zaidi, kwa sababu klabu ni chache na malipo ni madogo. Timu ya wanawake ya Burundi ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika za mwaka 2022 nchini Morocco, na Asha Djafari amejulikana Tanzania nzima akiwa na Simba Queens. Hata hivyo kiti cha juu kabisa ambacho Mrundi amewahi kukalia katika mpira duniani kilipatikana kwa elimu na uongozi: Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la Burundi kuanzia 2004 hadi 2013, akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2009, na mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati tendaji ya FIFA. Binti wa mwambao anayependa mpira aambiwe habari zake pamoja na za wafungaji mabao.

Nchi nyingine zimejaribu namna mbalimbali za kuunganisha shule na mpira. Nchini Senegal, akademia ya Diambars ilianzishwa mwaka 2003 na Patrick Vieira, Bernard Lama, Jimmy Adjovi-Boco na Saer Seck kwa msimamo kwamba masomo yachukue sehemu kubwa kuliko mazoezi. Idrissa Gueye alitoka huko. Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, Alliance ilianza kama shule yenye akademia, na timu yake ikapanda hadi Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2018. Uingereza kijana wa miaka 16 hadi 18 anasajiliwa akademia kama mwanafunzi wa kazi na klabu inapaswa kumpa masomo. Saido Berahino, aliyefika nchini humo akiwa mtoto mkimbizi kutoka Bujumbura, alikulia kwenye akademia ya West Bromwich.

Kuzitamani akademia za bweni ni kupoteza muda. Rumonge haina fedha za Diambars, na haizihitaji ili ianze. Kinachohitajika ni makubaliano kati ya klabu na shule zilizopo: kocha apewe orodha ya mahudhurio kila mwisho wa mwezi, na mwalimu mkuu apewe ratiba ya mechi mwanzo wa msimu. Mchezaji aliye darasa la tisa asisafiri juma la mtihani wa taifa, hata kama ni mechi dhidi ya Vital'O. Mkataba wa kwanza uwe na kifungu kinachoipa klabu jukumu la kulipia masomo au ufundi mpaka cheti kipatikane, na usomwe kwa Kiswahili na Kirundi mbele ya mzazi kabla ya sahihi.

Ufundi wenyewe usitafutwe mbali. Mwambao huu unahitaji mafundi wa injini za mashua, watu wa majokofu na barafu ya samaki, mafundi wa mashine za kukamua mawese, mafundi umeme. Ndani ya mpira pia kuna kazi. Leseni za ukocha za CAF zinaanzia daraja D, na anayeanza akiwa na miaka 20 anaweza kuwa kocha kamili siku magoti yatakapogoma. Mwamuzi wa Burundi Pacifique Ndabihawenimana amechezesha fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, mashindano ambayo timu yake ya taifa imefika mara moja tu. Chuo Kikuu cha Burundi kina taasisi ya elimu ya viungo na michezo, ambako Pierre Nkurunziza alisoma, kisha akawa mwalimu na kocha wa timu za Muzinga na Union Sporting muda mrefu kabla ya kuwa rais. Muzinga ya jeshi na Rukinzo ya polisi zinampa mchezaji ajira ya sare, na huko nako cheo kinafuata cheti.

Fedha zitatoka wapi? Sehemu yake imo ndani ya mpira wenyewe, na klabu nyingi ndogo zinaiacha mezani. Mchezaji anaponunuliwa kabla mkataba wake haujaisha na kuvuka nchi, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kuanzia 12 hadi 15 unahesabiwa asilimia 0.25 ya bei. Kila mwaka kuanzia 16 hadi 23, asilimia 0.5. Kijana aliyesajiliwa Rumonge tangu mwaka wake wa 12 mpaka wa 17, akiuzwa baadaye kwa dola milioni 1, anaiachia klabu yake ya utotoni dola 20,000. Akiuzwa tena, klabu inalipwa tena. Kwa mji kama Rumonge hizo ni ada, sare na vitabu vya timu nzima ya vijana kwa miaka.

Tangu Novemba 2022 fedha hizi zinapita katika ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo inafuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji kutoka kwa shirikisho la nchi yake. Jina lisiloandikwa kwenye mfumo mtoto akiwa na miaka 12 halihesabiki akiwa nyota. Klabu isiyo na akaunti ya benki na nyaraka safi hailipwi. Katibu wa klabu anayejaza fomu vizuri ana thamani kubwa kuliko wengi wanavyomchukulia.

Hapo linakuja jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini, la kupunguza umri. Aprili 2018 Burundi ilipoandaa mashindano ya CECAFA ya vijana wa chini ya miaka 17, Zanzibar iliondolewa kwa kupeleka wachezaji waliozidi umri, na ni tatizo la ukanda mzima. Mara nyingi linajadiliwa kama udanganyifu wa mashindano. Kwa kijana mwenyewe madhara yanakwenda mbali zaidi. Akishabadilisha tarehe ya kuzaliwa, na wakati mwingine jina, vyeti vyake vya shule haviendani tena na pasipoti yake. Siku anapotaka kurudi chuoni, kuomba kazi au kudai haki ya mali, ana watu wawili kwenye karatasi na hakuna hata mmoja aliyekamilika. Klabu aliyoichezea akiwa mtoto nayo inapoteza mgao wake, kwa kuwa mtoto yule, kwa mujibu wa mfumo, hakuwahi kuwepo. Mtu mzima anayemshauri kijana afanye hivyo anamwibia maisha ya baadaye ili ashinde kombe la msimu mmoja.

Msimu wa ligi huanza kati ya Agosti na Septemba, na shule hufunguliwa Septemba. Fomu za klabu na fomu za shule zinajazwa karibu majuma yale yale, na mara nyingi na mzazi yule yule. Viongozi wa klabu za Rumonge na Nyanza-Lac waiombe ripoti ya shule pamoja na picha za pasipoti. Walimu wakuu waulize watoto gani wanacheza, na wapi. Na mzazi anayeletewa karatasi na mgeni aliyevaa vizuri asiisaini siku hiyo hiyo; aipeleke kwa mwalimu wa mtoto, asomewe yote mpaka ukurasa wa mwisho, kisha aulize nani atalipia darasa la tisa.